Simu haikuua kijitabu cha tamasha

Juzi kaingia promota mwingine hapa kwenye duka langu la uchapaji, kijana mstaarabu tu, flashi mkononi. Anataka mabango, tiketi na vitambulisho vya wahudumu. Nikamuuliza kuhusu kijitabu cha ukumbusho, kile cha picha kinachouzwa ukumbini, maana msanii wake anazunguka mikoa sita na picha anazo nzuri. Akacheka. "Mzee wangu, vijitabu vilishakufa. Simu imeviua. Hata Ulaya wameacha." Huyo ni wa tano mwaka huu, na wote watano wanalisema kwa sauti ileile kana kwamba walikaa dawati moja. Basi naandika maneno yao na majibu yangu, nitayachapa na kuyabandika kaunta.

"Simu ndiyo iliyoua kijitabu"

Kama simu inaua karatasi, mbona Alhamisi usiku silali? Ijumaa alfajiri natakiwa kukabidhi vijitabu mia nne vya mazishi, vyenye wasifu wa marehemu, ratiba na nyimbo, na waombolezaji wote wana simu janja mifukoni. Haijatokea familia ikaniambia niwatumie WhatsApp, yatosha. Siku ambayo mtu anataka kuikumbuka, anataka na kitu cha kushika.

Tuje huko ng'ambo kwa wenzetu wanaosingiziwa. Ziara ya Eras ya Taylor Swift, maonyesho 149, ilimalizika Desemba 2024. Siku chache kabla, tarehe 29 Novemba, kikatoka kitabu cha picha za ziara hiyo: kurasa 256, dola 39.99, kinauzwa katika maduka ya Target ya Marekani peke yake. Wikiendi ya kwanza zikaondoka nakala 814,000, na wanunuzi ndio hao hao vijana wasiobanduka kwenye simu. (Kilikuwa na makosa ya uchapaji mpaka watu wakalalamika hadharani. Nakala zote hizo, na hakuna aliyekesha na nakala ya kukagulia! Niliona aibu kana kwamba kazi ni yangu.) Japani nako, kwenye shoo kubwa na hata kwenye sinema, vijitabu viko mezani na watu wanapanga foleni. Wajapani hawana simu?

Iliyokiua kijitabu cha ziara ni kalamu ya mhasibu. Pleti (bamba la kuchapia), kuseti mashine, na karatasi zinazoharibika mpaka rangi itulie, vyote hivyo kwenye ofseti, yaani uchapaji wa mabamba, unavilipia sawa ukichapa nakala 200 au 5,000. Ndiyo maana promota anavutika kuchapa vingi, bei ya kimoja ishuke. Haya, chukua A4, kurasa 24 za gramu 170, jalada gramu 300 (hizo ni gramu za karatasi ya mita mraba moja). Kimoja kina uzito wa kama gramu 165, kwa hiyo nakala 5,000 zinapita kilo 800, nazo zinapakiwa na kushushwa kila mji. Ndani kuna tarehe, kuna majina ya miji, pengine kuna na picha ya mpiga gitaa aliyeacha bendi wiki ya pili. Ziara ikiisha, vilivyobaki ni vya kufungia vitumbua. Fulana iliyobaki itauzwa mtandaoni hata kwa mtu ambaye hakukanyaga ukumbini, na haikuhitaji mwandishi wala ruhusa ya picha ishirini.

Hapo mwenye ukumbi bado hajachukua chake. Uingereza kumbi nyingi hukata asilimia kwenye mauzo ya meza ya msanii, na asilimia 25 si jambo la ajabu. Wanamuziki walichoka, Januari 2022 umoja wao wa Featured Artists Coalition ukaanza kuorodhesha kumbi zisizokata kitu. Septemba 2023 Live Nation, kampuni kubwa ya matamasha, nayo ikatangaza kwamba kumbi zake ndogo za Marekani zinaacha kukata. Sasa wewe ukijua unakatwa robo, utaweka mezani kitu gani? Chenye faida nene. Kijitabu hakimo.

Ongeza forodha: tangu Januari 2021, bendi ya Uingereza ikivuka kuingia Umoja wa Ulaya na bidhaa za kuuza lazima iwe na makaratasi yake. Ongeza na mwaka 2022, bei ya nishati ilipopaa na wafanyakazi wa viwanda vya karatasi vya UPM kule Finland wakagoma karibu miezi minne. Mwaka ule kila aliyeshika bajeti ya ziara alitafuta cha kufyeka, na kijitabu kilikuwa karibu na panga.

Simu nayo ina kosa lake, sibishi. Zamani picha nzuri ya msanii uliipata kwenye kijitabu, sasa zimejaa bure kiganjani. Ukinichapia picha zilezile za Instagram, usitarajie mtu atoe elfu ishirini. Mpe kisichopatikana kwingine: mwandiko wa msanii, picha za mazoezini, daftari la mashairi lililokatwakatwa kwa kalamu nyekundu.

Ushauri wangu, ambao hakuna anayeusikiliza: chapa 300 tu, kwa mashine ya dijitali, uandike namba kwa mkono. Usiweke tarehe hata moja ndani. Tarehe na miji weka kwenye karatasi moja ya kuchomeka, ratiba ikibadilika unatupa karatasi ile na kijitabu kinabaki kizima. Vikiisha mikoa miwili tu, njoo tuchape vingine 300. Kumkosa mnunuzi mmoja hakujawahi kumfilisi mtu, lakini stoo yangu ina maboksi ya watu waliong'ang'ania 3,000 na hawajaja kuyachukua.

"QR ni bure"

Wanataka ile alama ya kuskani kwa simu ishike nafasi ya kijitabu. Mchoraji analipwa, mpiga picha analipwa, tovuti inalipiwa kila mwaka. Siku mtu akisahau kulipa, kiungo kinakufa. Nimeskani bango la shoo ya miaka mitatu iliyopita, likanifungulia kamari.

"Kijitabu ni cha orodha ya nyimbo"

Hicho ni cha okestra. Cha ziara kinachapwa wiki kadhaa kabla, wakati bendi yenyewe haijui itaanza na wimbo upi. Na tusichanganye mambo: Playbill, programu ya kumbi za tamthilia za Broadway kule New York, iliyoanza mwaka 1884, unapewa bure mlangoni; London, ukienda kumbi za tamthilia za West End, programu unanunua.

"Nitolee kurasa 18"

Kijitabu cha kubana pini kinakwenda kwa nne nne. Chagua 16 au 20.

"Karatasi ya kung'aa ndiyo yenye hadhi"

Hadhi hiyo inaisha pale msanii anapotoa kalamu. Kwenye karatasi ya kung'aa wino haukauki upesi, shabiki anafunga kijitabu kwa furaha, akifika nyumbani sahihi imehamia ukurasa wa pili. Jalada weka laminesheni, ile plastiki nyembamba ya juu, unavyotaka, ila ndani niachie ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida, mweupe, usio na kitu. Huo ndio utakaouza kijitabu.

"Cha zamani ni mali"

Kikiwa safi, na cha msanii anayetafutwa, huenda. Kwanza angalia sahihi kwa kioo cha kukuzia: ukiona vidoto vya rangi, ilichapwa pamoja na picha, nakala zote zinayo. Kisha fungua katikati utazame pini. Mwambao huu hewa ina chumvi, pini ya chuma inaota kutu na kutu inakula karatasi. Mteja mmoja wa Tanga aliniletea cha baba yake, pini zimeshaacha mashimo mawili ya rangi ya chai. Nilizichomoa kwa kibanio, nikakishona kwa uzi mweupe wa pamba kupitia mashimo yaleyale. Sikumtoza kitu.