Mwanasaikolojia si hakimu wa ndoa yenu

Wengi wanaoanza tiba ya kisaikolojia kwa video humsubiri mtaalamu atoe hukumu: nani kakosa, nani aombe radhi. Nawaelewa. Tumelelewa na vikao vya wazee, na somo au kungwi ambaye kazi yake ni kufunda. Lakini tiba hii haiendi hivyo.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kuwa ushirikiano kati ya mtaalamu na mteja una nguzo tatu: kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Aaron Beck naye, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliwataka mtaalamu na mteja wayachunguze mawazo ya mteja pamoja, kama watafiti. Kwa hiyo ukisema "mume wangu hanijali", mtaalamu hatakuunga mkono wala kukupinga papo hapo. Atauliza: wiki hii umeona nini kilichokuonyesha hivyo? Kuna siku ilikuwa tofauti? Mkija wawili, kinachotibiwa ni uhusiano wenyewe, ndiyo maana haegemei upande.

Mtandao haubadilishi hilo, ila unadai maandalizi: chumba chenye faragha, na makubaliano ya mapema kuhusu mtakavyofanya mawasiliano yakikatika. Mtaalamu akuulize pia uko wapi, ili dharura ikitokea ajue msaada utoke wapi. Na palipo na kipigo au vitisho nyumbani, kukaa wawili mbele ya kamera kunaweza kumhatarisha anayeumizwa. Hapo, tafadhali, zungumza na mtaalamu kwanza, ukiwa peke yako.