Siku moja kwenye barabara ya Likasi: kwa nini naanzia Shilatembo

"Mwanangu, ku kilio banaendaka mbio?"

Aliyeniuliza hivyo, kama kwenye kilio watu huenda mbio, ni mama mmoja mzee niliyekuwa nimemleta Shilatembo pamoja na wanawe, jua likiwa linazama. Siku ile tulianzia mbali: Likasi kwanza, tukatembea, tukala, tukapumzika. Mahali alipouawa Lumumba nilipaacha mwisho kwa hesabu moja tu, kwamba ndipo karibu na nyumbani. Dereva hakuzima hata injini. Mimi mwenyewe, huku naeleza, nilitazama saa mara mbili, na mama aliniona. Hakunigombeza. Alitandika kitenge chake kwenye nyasi, akakaa chini na kunyoosha miguu, vile mama zetu wanavyokaa kwenye kilio, akanyamaza. Nikamwambia dereva azime gari. Tulifika Lubumbashi usiku, na hakuna aliyelalamika.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye sehemu za kihistoria nje ya Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, na tangu jioni ile nimeupindua mpangilio wote wa siku. Nauandika hapa kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nina siku moja tu, nione nini?

Jibu langu ni barabara moja na vituo vitatu. Najua wengi wanataka saba. Wananiandikia orodha: Kipushi, Shilatembo, daraja la Lufira, Likasi, bwawa la Mwadingusha, Shinkolobwe, na Bunkeya kwa mfalme Msiri. Kipushi iko upande mwingine kabisa, kama kilomita 30 kuelekea mpaka wa Zambia, basi itafutiwe siku yake. Bunkeya ni mbali na inataka ulale huko, uamke umsalimie mwenye mji kwa heshima yake. Kwenda Bunkeya na kurudi siku hiyo hiyo ni kuona vumbi tu. Mgeni anayeona sehemu saba kwa siku, jioni ukimuuliza Okito ni nani, hajui. Mimi ningependa arudi nyumbani akimjua Okito.

Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba kunakuwa na baridi kali saa hiyo, chukua koti, hata kama umeambiwa Afrika ni joto. Kabla ya kuingia garini naomba wageni watazame kile kilima cheusi kilicho chini ya bomba refu la kiwanda. Hicho si kilima cha Mungu. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tangu 1911, mwaka shaba ya kwanza ilipomiminwa hapa. Reli kutoka Rhodesia ilifika 1910, na mji ukaanzwa mwaka huo huo kwa jina la Elisabethville. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa imeundwa 1906, yaani kampuni ina umri mkubwa kuliko mji. Nalisema hilo mapema ili mgeni alibebe njiani, maana kila tutakaposimama shaba itakuwa imefika kabla yetu.

Ukishapita peaje, pale tunapolipia barabara, njia inaingia kwenye misitu ya miombo. Pembeni kuna magunia ya makala, yaani mkaa, yamepangwa mistari. Malori yenye tela mbili yanakuja yamebeba mabamba ya shaba, mengine yanapanda na asidi ya viwandani. Hapo pia utaona vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba. Huwa nasimamisha gari kwenye kimoja kilichochimbwa ubavuni na wafyatua matofali, nachukua bonge la udongo wake nawapa wageni walishike. Ni mzito, mwekundu, laini kama umesagwa, na ukilibana halivunjiki kirahisi. Nyumba nyingi za Lubumbashi zimejengwa kwa udongo huo. Na kabla ya matofali, wayeyushaji wa zamani wa Katanga walijenga tanuru zao kwa udongo huo huo. Waliokota lile jiwe la kijani, malakiti, wakati wa kiangazi mvua ikiwa imekwisha, wakaliyeyusha kwa makala na mivukuto, wakamimina shaba kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ililipiwa mahari na kufanyiwa biashara mbali sana na hapa, karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kuiona. Mitatu ya aina hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga, mkoa ulipojitenga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru.

Sasa mgeni ana shaba mkononi na bendera kichwani. Ndipo tunafika Shilatembo.

Ni kama kilomita 50 kutoka mjini, kando ya barabara hii hii. Tunafika asubuhi, akili bado safi. Kabla ya yote tunamsalimia chefu wa kijiji au aliyeachwa kwa niaba yake, na si kwa adabu peke yake. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Lumumba na wenzake walitoroka wakauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo, na uongo huo uliwatwika watu wa vijijini damu ambayo hawakuimwaga. Kwa hiyo mgeni wangu hapiti mbele za watu hawa kama anapita kwenye uwanja mtupu. Anasalimia, anajitaja jina, anangoja kukaribishwa.

Kisha naeleza, na naeleza kidogo. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa kwa ndege Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walipigwa ndani ya ndege. Walishushwa uwanja wa ndege wa Luano mchana ukielekea jioni, wakafungiwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja, ile inayoitwa nyumba ya Brouwez, wakapigwa tena. Usiku wakaletwa hapa. Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, alikuwepo, na mawaziri wake. Askari waliofyatua walikuwa Wakatanga, na maafisa Wabelgiji walikuwa nao wakiwaongoza. Walisimamishwa kwenye mti mmoja mmoja. Okito kwanza. Halafu Mpolo. Lumumba mwisho.

Hapo nanyamaza. Zamani nilikuwa naendelea moja kwa moja, naogopa kimya kama mtangazaji wa redio. Yule mama ndiye aliyenifundisha kwamba kimya ni sehemu ya kazi. Robo saa, wakati mwingine zaidi. Wengine wanaomba, wengine wanatembea peke yao. Picha zinasubiri.

Tukishakaa kivulini ndipo namalizia, kwa sababu kuna sehemu ya pili ambayo wengi hawaijui vizuri. Miili haikubaki hapa. Ilifukuliwa, ikapelekwa upande wa Kasenga, ikazikwa tena, halafu ikafukuliwa mara nyingine na polisi mmoja Mbelgiji, Gérard Soete, na msaidizi wake. Waliikata wakaiyeyusha kwa asidi ya salfuriki. Ndiyo asidi ile ile inayotumika viwandani kuitoa shaba kwenye mawe, ile tuliyopishana nayo asubuhi kwenye malori. Huwa sihitaji kuongeza neno. Mgeni mwenyewe anageuka kutazama barabara. Soete alibaki na jino. Miaka mingi baadaye alilizungumzia mwenyewe. Mwaka 2016 vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua kutoka kwa binti yake, na tarehe 20 Juni 2022 watoto wa Lumumba walikabidhiwa mjini Brussels. Jeneza lenye jino hilo lilizungushwa nchini, likaletwa hadi hapa Shilatembo, kabla ya kuwekwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mpolo na Okito hawana hata jino. Ndiyo maana nasisitiza majina yao, na nawaomba wageni wayatamke kwa sauti, wote watatu.

Utasikia mengi mengine pale: mti ulikuwa huu, hapana ulikuwa ule, nani alisikia nini usiku. Mimi nasikiliza yote kwa heshima, lakini mgeni namwambia waziwazi lipi limethibitishwa na tume ya bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake 2001, na lipi ni simulizi ya kijiji. Simulizi ina thamani yake. Ila mwongozaji anayevichanganya anamdhulumu msikilizaji, na anawadhulumu marehemu zaidi.

Kutoka Shilatembo tunaendelea Likasi, na safari nzima kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 120. Katikati kuna daraja la Lufira. Hatusimami juu yake na hatupigi picha. Daraja, peaje, migodi na askari usivielekezee simu. Tunasimama mbele kidogo, nawaeleza kwa nini daraja hili lina historia.

Septemba 1961 kulikuwa na kikosi cha wanajeshi wa Ayalandi, zaidi kidogo ya 150, waliotumwa na ONU, yaani Umoja wa Mataifa, kukaa Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville. Kamanda wao alikuwa Pat Quinlan. Tarehe 13 walishambuliwa wakiwa kwenye misa ya asubuhi. Waliowazunguka walikuwa askari wa Katanga na mamluki wazungu, wengi kuliko wao kwa mbali, na ndege moja ya kivita ikiwapiga kutoka juu. Walishika mahandaki yao siku tano. Msaada ulitoka Elisabethville ukaja mpaka hapa Lufira, ukashindwa kuvuka, ukarudi. Ukajaribu tena, ukashindwa tena. Maji yakaisha. Helikopta ikafanikiwa kuwashushia maji, lakini madumu yalikuwa ya mafuta, hayakunyweka. Walisalimu amri tarehe 17. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa pale. Waliporudi kwao hawakupokewa kama mashujaa, na kikosi kilingoja hadi 2016 kupewa tuzo rasmi na nchi yao. Siku moja baada ya wao kusalimu amri, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka. Ukitazama ramani, kifo cha Lumumba, mahandaki ya Jadotville na ndege ya Ndola vyote vimebanana kwenye ukanda mmoja, na chini ya ukanda huo kuna shaba.

Likasi yenyewe naipenda na huwa siharakishi. Mji una vilima, nyumba za kikoloni zenye baraza za mviringo, miti ya jakaranda inayochanua kabla ya mvua. Tunapita upande wa Panda na Shituru, ambako shaba ilianza kusafishwa kwa umeme 1929. Halafu tunakula: bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki, au michopo kwa anayetaka nyama ya mbuzi. Ni saa saba, kila mtu ana njaa, na ndipo linapokuja swali la Shinkolobwe.

Hatuendi Shinkolobwe. Iko karibu, kama kilomita 20 kutoka Likasi, lakini mgodi umefungwa kwa amri ya rais tangu 2004, na mwaka huo huo uliporomoka ukaua wachimbaji. Atakayekuambia anaweza kukuingiza kwa njia za pembeni, mkimbie. Lakini historia yake naisimulia mezani. Urani ilitambuliwa pale 1915. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York na kuyahifadhi ghalani. Jeshi la Marekani lilipoanza kutafuta urani miaka miwili baadaye, mzigo ulikuwa tayari. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 6 Agosti 1945, ilitoka hapa. Nimewahi kumsimulia hayo mgeni kutoka Japani. Aliweka kijiko chini, akaniuliza mgodi uko upande gani. Nikamwonyesha, magharibi. Akasimama akageukia upande huo akainama.

Msiri naye nampa nafasi mezani, hasa nikiwa na wageni Watanzania, kwa maana ni mtu wa kwao. Alitoka Unyamwezi kwa biashara ya shaba na pembe, akajijengea ufalme Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na kapteni Omer Bodson kwa sababu alikataa bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga aliyekuwepo Shilatembo usiku ule, ni wa ukoo wa Msiri. Huwa naacha jambo hilo mezani kama lilivyo. Wageni wanabishana wenyewe mpaka chakula kinapoa.

Yaliyobaki ni machache. Mgeni wa kigeni abebe pasipoti yenye viza, si nakala, kwani watu wa DGM, idara ya uhamiaji, wataiomba njiani. Mvua inaanza kwenye mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Safari inawezekana, ila Shilatembo utakanyaga matope. Kwa chefu usiende mikono mitupu, na mwachie mwongozaji wako akueleze desturi. Ukinunua malakiti barabarani, nunua iliyochongwa na fundi, uulize aliichonga vipi. Watu hawa wanaijua kazi yao.

Tunaanza kurudi saa tisa, ili giza lisitukute kwenye malori. Tukikaribia Shilatembo dereva wangu anapunguza mwendo bila kuambiwa. Kesho yake asubuhi, kama ndege yako si ya mapema, nenda makumbusho ya Lubumbashi uombe kuonyeshwa misalaba ya shaba. Utaitazama kwa macho mengine kuliko ungeitazama jana.