"Kupunguza madhara ya kamari" maana yake nini?

Mtu akisimama kwenye mkutano wa kijiji, Newala au Nachingwea, akatamka "kupunguza madhara ya kamari", vijana wa nyuma wanaanza kuinuka. Wanajua wanakuja kukatazwa kubeti. Wazee nao wanaguna: kamari ni haramu, ya nini kuipunguza badala ya kuing'oa? Wote wamelirukia neno "kamari" na kuliacha neno "madhara".

Kubeti kwenyewe kunaruhusiwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, chini ya usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Imamu au padri akisema usicheze, hiyo ni kazi yake na aifanye. Dhana ya kupunguza madhara inamhusu yule ambaye tayari anacheza, pamoja na watu wanaokula kwake. Madhara ni ada iliyoliwa, mikorosho isiyopuliziwa salfa, mke aliyerudi kwao. Na huku kwetu kuna moja linalopita yote: kangomba. Mwenye deni la kubeti hawezi kusubiri korosho zipimwe kwenye chama cha msingi, ziende ghalani, ziingie mnadani, ndipo alipwe. Anamwita mnunuzi wa kichochoroni, anauza kwa bei ya kutupa, wakati mwingine zikiwa bado juu ya mti. Mnada ukija na bei nzuri, yeye anausikia redioni tu.

Njia ya kwanza ya kupunguza madhara ni elimu. Hapa wengi wanakosea kwa kuhubiri. Kijana wa kubeti ameshahubiriwa vya kutosha, mpe hesabu. Chukua mechi ambayo timu mbili zina nafasi sawa, nusu kwa nusu, sare tuiweke kando. Malipo ya haki yangekuwa mara 2 ya dau. Kampuni inakupa, tuseme, 1.9. Unaona ni kitu kidogo, lakini ndipo inapokula. Sasa tandika mkeka, yaani tiketi moja, wa mechi kumi za namna hiyo kwa shilingi 1,000; 1.9 ya kila mechi inazidishwa na ya nyingine. Ukipatia zote unalipwa kama 613,000, na simu inazionyesha kwa herufi kubwa. Nafasi ya kupatia zote ni moja katika 1,024, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Kampuni imebaki na kama shilingi 400 katika kila elfu ya wachezaji wake, na hakuna aliyeibiwa wala mechi iliyopangwa. Kadiri mkeka unavyorefuka, ndivyo sehemu yao inavyonenepa.

Kisha kuna lile la "timu moja tu imenichania mkeka". Kupatia tisa katika kumi kunamfanya mtu ajione amekaribia, wakati mkeka wa kesho hauijui habari ya mkeka wa jana. Anaongeza dau afukuzie hela iliyoliwa. Ukimwona amefika hapo, tatizo limeshapita hesabu. Anahitaji mtu wa kukaa naye, na pengine simu yenye fedha kushikwa na mwingine kwa muda, kwa hiari yake.

Lakini elimu peke yake ni kumwachia mtu mmoja mzigo wote. Mtoto katumwa sukari, njiani kuna kibanda chenye dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, chenji anayo mkononi, sarafu ya mia mbili. Utamfundisha nini huyo? Hapo kinachotakiwa ni kuhamisha dubwi, na hiyo ndiyo njia ya pili: sera za hapa hapa.

Leseni inatoka kwa Bodi. Kijiji hakiwezi kuifuta. Kinachoweza ni kuripoti mashine isiyo na leseni na mwenye kibanda anayechezesha watoto. Kijiji kina pia mamlaka ya kutunga sheria ndogo, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mradi zisipingane na sheria kubwa. Kibanda kikae umbali gani na shule, kifunguliwe saa ngapi: hayo ni mambo ya kupendekezwa. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unaijadili, kisha inapelekwa wilayani kuidhinishwa. Anayeishi mtaani, Mtwara Mikindani kwa mfano, njia yake ni diwani, kwa sababu mtaa hautungi sheria ndogo. Mtu atasema kibanda kinaleta ushuru. Mwulizeni ni shilingi ngapi kwa mwaka, aitaje mbele ya wote.

Na muda ni nusu ya kazi. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba, na rasimu haimalizi safari kwa wiki moja. Anayetaka vibanda viwe na utaratibu siku hela za korosho zinapoingia, jambo lake liwe limeshaandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wakati watu bado wanapuliza salfa.