Kushirikisha si kusambaza

Kundi la WhatsApp la kidato cha tatu lina wanafunzi 64. Jumapili usiku mwalimu anatupia PDF ya kurasa 14, chini yake anaandika "someni, kesho tunaendelea". Muhula ukiisha, ripoti inasema: "Wanafunzi walishirikishwa katika ujifunzaji kupitia mitandao ya kijamii." Sentensi hii sasa imekuwa kama muhuri. Inagongwa kwenye ripoti za shule, kwenye maandiko ya miradi, kwenye mada za semina, na kila ikigongwa neno kushirikisha linachujuka kidogo.

Maana kwanza, tuimalize. Kumshirikisha mwanafunzi ni kumpa sehemu katika kazi ya somo, sehemu ambayo asipoifanya somo linapwaya. Mtandao wa kijamii ni ule ambao mtumiaji naye anaweka kitu chake, wenzake wakakiona na kukijibu. Weka hayo mawili pamoja, dhana ya kumshirikisha mwanafunzi kupitia mitandao ya kijamii ndiyo hiyo. Video ya YouTube ikioneshwa ukutani kwa projekta huku darasa limekaa kimya ni zana ya kufundishia, sawa na chati ya moyo iliyobandikwa kando ya ubao. Zana nzuri tu, ila hapo hakuna anayejibu wala anayejibiwa.

Tabu iko kwenye neno lenyewe. Shiriki limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wa sh-r-k, unaohusu kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Ukoo wake ni shirika, ushirika, mshirika, na pia ushirikina. Aliyepita madrasa anaujua uzito wake bila kuelezwa: kumshirikisha Mwenyezi Mungu ni kumfanyia mwenza katika kilicho chake peke yake. Neno linalobeba jambo zito kiasi hicho haliwezi kuwa na maana ya kupelekea watu taarifa.

Au tazama ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa 1933, na mwanaushirika wa kijijini hahitaji kamusi. Analeta kahawa yake, ana sauti mkutanoni, na malipo yake yanafuata alicholeta. Anayesikia bei ya kahawa redioni ana taarifa, lakini hana fungu. Basi muulize hivyohivyo mwanafunzi wa lile kundi la watu 64: ameleta nini, amesema nini, na alicholeta kimebadilisha nini darasani?

Mkanganyiko ulipopenya ni kwenye kitufe. Weka simu kwenye Kiswahili, fungua YouTube, utakuta pa kuwatumia wengine video pameandikwa "Shiriki". Mfasiri alikuwa na neno la Kiingereza, share, linalobeba kugawana na kusambaza kwa mkupuo, akachukua shiriki. Kwa Kiswahili tunashiriki mkutano, mashindano, maziko. Ukishiriki video, maana yake umeigiza ndani yake. Kutoka kwenye kitufe tukaanza kusikia "naomba niwashirikishe picha hii", na kutoka hapo mwalimu aliyetuma PDF anaamini kabisa kwamba ameshirikisha. Hatukuwa na upungufu wa maneno: tuma, peleka, sambaza, gawa, rusha, hata fowadi ya vijana inajieleza vizuri zaidi.

Kuna na kosa la pili, la kupima. Mitandao hupima ushiriki kwa vitu inavyoweza kuhesabu, yaani waliotazama, waliopenda, waliotoa maoni. Mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Fredricks, Blumenfeld na Paris, waliugawa ushiriki wa mwanafunzi katika pande tatu: matendo, hisia na fikra. Tiki za bluu zinagusa upande wa kwanza, tena ukingoni. Zinathibitisha kwamba ujumbe umefunguliwa kwenye simu, na simu yenyewe pengine ni ya mama.

Walimu tayari wana kipimo chao, nacho ni andalio la somo. Lina safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za mwanafunzi. Iandike kazi ya WhatsApp kwenye safu ya pili. Kama kitenzi pekee kinachopatikana ni "kupokea" au "kusoma", hapo umetuma noti.

Chukua jiografia, mada ya mmomonyoko wa udongo. Ijumaa mwalimu anaandika: "Kila kikundi kipige picha moja ya mahali maji ya mvua yamekata udongo karibu na nyumbani. Kando yake wekeni kalamu au rula ili kina kionekane. Andikeni mstari mmoja: maji yalitoka wapi?" Mwisho ni Jumapili saa 2 usiku. Jumatatu anachagua picha nne, na darasa linaamua ipi ni mifereji midogo tu na ipi imeshakuwa korongo, na kwa nini. Bila picha zile kipindi hakipo. Hilo ndilo fungu.

Yanayoharibika huwa yaleyale. Watu 64 wakijibu mmojammoja, jibu la kwanza limezikwa kabla hujalisoma. Vikundi vya watu sita hadi wanane, jibu moja kwa kikundi, vinatosha. Muda wa saa 10 jioni unamwacha nje anayesubiri simu ya mzazi irudi kutoka kazini, na hao si wachache, maana shule za Tanzania na Kenya kwa kawaida haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Ukiomba video unamaliza bando la mtu. Picha iliyobanwa na WhatsApp kwa kawaida haifiki MB 1, na sauti ya dakika moja nayo ni nyepesi. Kura za WhatsApp nazo zina mtego: majina ya waliopiga kwa kawaida yanaonekana, hivyo wengine hufuata alikoenda yule anayeongoza darasa. Waandike jibu daftarini kwanza, kura ifuate.

Kundi likiwa kimya, usikimbilie kusema ni wavivu. Tazama kwanza mpangilio: kama umeweka kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe, umejenga ubao wa matangazo. Kisha tazama lugha. Sekondari zetu nyingi za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayeogopa kukosea sarufi mbele ya wenzake 63 atanyamaza hata kama picha anayo. Mruhusu aeleze kwa Kiswahili, istilahi za mtihani mtazipanga pamoja darasani.

Na namba za simu. Kwenye kundi kwa kawaida kila mmoja anaona namba ya mwenzake, za wasichana zikiwemo, na akaunti ya kawaida ya WhatsApp inataka mwenyewe awe na miaka 13 au zaidi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inayotaka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na Tanzania ina yake ya 2022. Njia nyepesi ni kundi kuwa la namba za wazazi walioridhia kwa maandishi, namba moja kwa kila kikundi.

Mwalimu wa PDF hajatenda kosa. Noti zinahitajika, na kuzituma kwa simu kunaokoa hela ya fotokopi. Kwenye ripoti aandike tu "noti zilitumwa kwa wanafunzi 64", ni sentensi safi na ya kweli. Neno kushirikishwa aliweke kwa ile Jumatatu ambayo picha ya korongo la nyuma ya nyumba ya mtu fulani imewafanya wabishane mpaka kengele ikalia.