Kompyuta Mpya Hailijui Gari Lako

Malalamiko mengi tunayopokea sisi wakaguzi wa magari siku hizi yanafanana: mtu amebadilisha kompyuta ya injini, ile mafundi waiitayo kontroo boksi, gari limewaka vizuri, halafu likakataliwa. Hatumshuku mtu. Ila gari kuwaka si ushahidi wa kitu.

Kompyuta mpya mara nyingi huja haina programu, na mashine ya kusoma hitilafu itakuonyesha P0602, kodi (alama ya hitilafu) inayohusu kasoro ya programu ya kompyuta. Yenye hila ni ile iliyong'olewa kwenye gari jingine: inafanya kazi, lakini kwa vipimo vya injini isiyo yako, hata kama namba zilizobandikwa juu yake zinafanana.

Fundi huanza na programu ya mtengenezaji. Wakati wa kuipakia, umeme wa betri hautakiwi kuyumba, kwa hiyo huunganishwa kifaa cha kushikilia volteji, si chaja yoyote iliyo karibu. Umeme ukikatika katikati, kompyuta inaweza kufa palepale. Baada ya hapo huingizwa namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi ina herufi na tarakimu 17. Sisi huisoma ndani ya kompyuta na kuilinganisha na iliyogongwa kwenye bodi na iliyo kwenye kadi ya gari. Zikipishana, ukaguzi unasimama hapo. Kisha funguo zioanishwe na mfumo wa kuzuia wizi, la sivyo injini huweza kushika sekunde mbili na kuzimika. Mwisho ni kuifundisha kompyuta: mkao wa throto (mlango wa hewa ya injini), na kwa baadhi ya magari sensa ya krankshafti, yaani inayosoma mzunguko wa injini. Kwenye dizeli nyingi za kisasa kila nozeli ya kunyunyizia mafuta ina kodi yake ya utambulisho imechorwa kichwani, nayo huingizwa silinda kwa silinda.

Kuchomoa terminali ya betri usiku kucha si kukalibreti, yaani kuioanisha kompyuta na gari. Tumelisema hili mpaka tumechoka. Unachofuta ni yale gari lilijifunza, pamoja na matokeo ya majaribio yake ya ndani, na skrini yetu itasoma "haiko tayari". Majaribio hayo hurudi kwa kuendesha: injini iwashwe ikiwa baridi, mwendo uwe wa kutulia kwa muda, tangi lisijae wala lisikaukie. Kuna magari yanayotunza pia kodi za hitilafu za kudumu ambazo hakuna mashine inayozifuta; kompyuta huziondoa yenyewe ikiridhika.

Adhabu hutegemea sheria za nchi. Kwa kawaida kunyimwa cheti na kulipia ukaguzi wa pili ndiyo hasara ndogo. Kuchezea programu ya kudhibiti moshi au usomaji wa kilomita ni kosa kwingi, na anayeulizwa kwanza ni mwenye gari.

Kwa hiyo mdai fundi karatasi iliyochapwa na mashine ya kusoma hitilafu, ya kabla na ya baada ya kazi, yenye namba ya chasisi na namba ya programu iliyowekwa. Risiti iliyoandikwa "boksi limefungwa, gari safi" hatuwezi kuifanyia chochote.