"Mbona Kimbunga Hakikuja?": Kujua, Kudhani na Kusikia Habari za Hali ya Hewa Huku Kusini

Kila likitoka angalizo (ngazi ya chini ya onyo la hali mbaya ya hewa) la Lindi na Mtwara haipiti nusu siku magrupu ya WhatsApp yanajaa sauti za watu wasiojitaja majina, mmoja anasema kimbunga kinaingia saa nane usiku, mwingine anasema uongo mtupu watu wa hali ya hewa wanatafuta bajeti, na wote wawili wanafowadiwa kwa kasi ileile. Maswali na malalamiko yamekuwa mengi nikaona niandike. Simsemi mtu, na siongelei jambo lolote lililo mikononi mwa vyombo vingine, naongea kama mtaalamu wa hali ya hewa tu niliyepo hapa Mtwara.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe kwenye feri ya Msangamkuu au stendi, ni hili: "2019 mlisema kimbunga kinakuja, watu wakaambiwa wahame, mbona hakikuja?" Jamani. Kilikuja. Kenneth kilitua tarehe 25 Aprili 2019 upande wa pili wa Mto Ruvuma, Cabo Delgado kule Msumbiji, nyumba zikabomoka na watu wakafa, na wengi wenu mna ndugu kule mnajua kuliko mimi. Sasa mtu aliyeshinda Chikongola hapa Mtwara mjini akaona mawingu na upepo kidogo anasema hakikuja. Alichokiona ni kweli, hakuna anayembishia, ila jicho lake linaishia Chikongola na kimbunga ni kitu cha mamia ya kilomita, njia yake ikisogea kidogo tu kusini wewe unapata manyunyu na mwenzako anapoteza paa. Kuona kwako ni ushahidi wa pale uliposimama. Habari ya pwani nzima inataka vituo vingi, satelaiti, na watu wanaofuatilia bahari yote, na kwa ukanda wetu wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kituo cha kikanda cha kufuatilia vimbunga kipo kisiwa cha Réunion.

Halafu kuna neno ambalo watu wanaliruka kabisa. Taarifa zetu za hali mbaya huwa zimeandikwa chini "Uwezekano wa kutokea: WASTANI" na "Kiwango cha athari: WASTANI", au kidogo, au kikubwa. Hiyo siyo mapambo. Tukisema uwezekano ni wastani hatujaahidi kitu, na pia hatujatoa maoni yetu, tumesema kwa vipimo tulivyonavyo leo jambo hili linaweza kutokea kwa kiasi hicho. Watu wamezoea mambo mawili, ukweli au uongo, utabiri unawasumbua kwa sababu haukai upande wowote kati ya hiyo miwili. Kimbunga Jobo, Aprili 2021, kiliishiwa nguvu baharini kabla hakijatua na maneno yakawa yaleyale ya 2019. Hidaya, Mei 2024, wengine wakasema hao watu wa hali ya hewa tumeshawazoea, nacho kikafifia kilipofika jirani na Mafia kweli, lakini mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Sasa hao waliosema wamezoea walikuwa wanajua nini hasa?

Tukio moja haliwezi kuthibitisha neno "uwezekano" wala kulikanusha. Tunachofanya ni kuchukua mara zote tulizosema mvua kubwa itanyesha, tukahesabu ngapi ilinyesha na ngapi haikunyesha, halafu mara tulizokaa kimya ikanyesha, hizo nazo tunazihesabu na ndizo zinazotuuma zaidi. Mtu wa kwenye sauti ya WhatsApp hana hesabu hiyo. Akikosea anafuta, wiki ijayo anakuja na sauti nyingine na mnamsikiliza tena!

Wazee wangu msinielewe vibaya hapa. Mvuvi wa Mikindani anayejua bamvua na maji mafu (maji kujaa sana na kujaa kidogo), anayejua kusi, upepo wa kutoka kusini, limeanza kwa kutazama bahari, huyo anajua kitu, na amekijua kwa njia halali kabisa, kutazama miaka mingi na kulipa gharama akikosea. Kuna dalili nyingine ambazo mimi nazitaka zipimwe kwanza. Mfano wengi wanasema mwembe ukizaa sana mvua itakuwa haba. Inawezekana ikawa kweli inawezekana isiwe, ila haijulikani kwa kukumbuka mwaka mmoja maembe yalijaa na mahindi yakakauka. Chukua daftari. Andika miaka maembe mengi mvua haba, miaka maembe mengi mvua nzuri, maembe machache mvua haba, maembe machache mvua nzuri. Yote manne. Watu wanakumbuka lile la kwanza tu, yale matatu yanasahaulika, halafu wanaapa.

Kusahau ndiko kunakoleta na hili la "huku kwetu vimbunga havijawahi". Aprili 1952 Lindi ilipigwa na kimbunga, na Aprili 1872 Zanzibar ilipigwa vibaya sana. Kweli ni nadra, karibu na ikweta vimbunga haviundiki kirahisi, lakini sisi tupo nyuzi 10 kusini, tupo kwenye hatari zaidi kuliko Tanga. Kuzaliwa baada ya 1952 siyo ushahidi.

Niseme sasa kipimo kinavyopatikana maana kuna wanaodhani tunakisia tukiwa tumekaa ofisini. Mvua inapimwa saa 3 kamili asubuhi, siyo saa 3 na robo, na ile ya saa 24 zilizopita inasomwa kwa milimita, milimita moja ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo tukisema milimita 50 ndani ya saa 24, ambacho ndicho kiwango tunachokiita mvua kubwa, bati la mita za mraba 40 limepokea lita 2,000. Anayesoma anaandika kwenye fomu muda uleule, anatuma, na akikosea hafuti, anakata kwa mstari ili kosa lionekane. Baada ya hapo inaunganishwa na vituo vingine na mifumo ya kompyuta ndipo utabiri unatoka. Ngazi zipo tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Angalizo siyo amri ya kuhama na naomba maadmini wa magrupu mlijue hilo, mkishabadilisha "angalizo" likawa "tahadhari kubwa" mmeshaandika taarifa nyingine ambayo siyo yetu.

Na hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Na. 2 ya 2019 inasimamia utoaji wa taarifa hizi, na tahadhari rasmi ni za Mamlaka peke yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha kwa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote kwa pamoja, na simu yako kwa sheria hiyo nayo ni kompyuta. Sitafsiri sheria hapa, wapo wenye kazi hiyo. Ila mtu kusema "mimi naona leo itanyesha" ni maoni yake, aseme tu, tabu ni ukiyavalisha nembo ya Mamlaka.

Ule ujumbe wa "usiku wa leo zima simu kuna mionzi kutoka angani" sitaujibu tena. Hauna tarehe, unasema "leo" mwaka wa ngapi huu.

Wakulima wa Newala na Tandahimba, wakati wa kuanika korosho angalieni tarehe ya utabiri kabla ya kuuamini au kuukataa, uleule wa siku tano ukiusoma siku ya sita hauna kazi. Skrinishoti iliyokatwa juu pasipo tarehe wala mahali iacheni ilipo. Mkiwa na wasiwasi njooni kituoni uwanja wa ndege muulize, mtajibiwa, takwimu za miaka ya nyuma nazo zinaombwa kwa maandishi na zina utaratibu wake. Na mnaotutumia picha za mafuriko tunashukuru, zinasaidia sana kuhakiki, ila andikeni mtaa, tarehe na saa, na ile ya gari jekundu linaelea msitume tena, tunayo, na wala siyo ya Mtwara.