Zumari ya California

Wazee walisema ikipigwa zumari Unguja, walioko maziwa makuu hucheza. Kwenye kazi yangu ya kutengeneza tovuti mambo yamepinduka: zumari inapigwa California, wachezaji ni sisi.

Ngoma yangu ya kwanza ilikuwa Ruby on Rails, fremuweki ya 2004, yaani msimbo ulioandaliwa tayari ili ujengee tovuti juu yake. Mwaka uliofuata muasisi wake, David Heinemeier Hansson, alitoa video akijenga blogu kwa dakika 15. Kuishusha video yenyewe kwenye intaneti kafe ya Mji Mkongwe, kabla waya wa baharini haujafika Dar es Salaam 2009, kulinila jioni nzima. Na mteja sikupata, maana seva rahisi tulizokodi zilijua PHP tu, lugha nyengine ya kuandikia tovuti.

Iliyonichoma khasa ni AngularJS, fremuweki ya Google iliyotoka 2010. Ukiandika jina kwenye fomu, linabadilika papo hapo kila lilipotajwa kwenye ukurasa, wala huandiki msimbo wa kulihamisha. Nani asingecheza? Mwanzoni mwa 2014 nikamjengea bi mkubwa mmoja wa Jambiani, mwenye nyumba ya wageni, ukurasa wa vyumba na tarehe. Kwenye laptopu yangu, maji. Kwenye simu yake, ukigusa tarehe unangoja mpaka unasahau ulichogusa.

Tatizo ni kwamba AngularJS haikuwa ikijua kipi kimebadilika. Kwa kila mguso ilipitia thamani zote ilizopewa kuzichunga, moja moja, ikilinganisha ya sasa na ya awali. Ikikuta badiliko, inaanza duru upya, kwani badiliko moja huweza kuzaa jingine. Duru zikifika kumi bila kutulia, inaacha na kutoa kosa. Mie nilikuwa nimeipa vyumba 12 kwa siku 365, visanduku 4,380 vya kuchungwa. Kosa langu, sawa. Lakini mafunzo yote niliyosoma yalikuwa na orodha ya vitu vitano!

Oktoba mwaka huohuo, mkutanoni Paris, ikatangazwa kwamba toleo lijalo, Angular 2, litakuwa kitu kingine kabisa. Ilipotoka Septemba 2016, msimbo wa zamani haukuweza kuhamia vivi hivi, na mwisho wa 2021 ile ya mwanzo ikaachwa rasmi. Nikaenda Jambiani kueleza kwa nini tujenge upya.

"Kwani mwanangu, nyumba imebomoka?" akaniuliza bi mkubwa.

Nikakosa jawabu. React, zana nyengine ya kujengea kurasa, nilishajifunza, naitumia kwa kazi nyengine na sina ugomvi nayo. Ukurasa wake nimeuandika kwa PHP: seva inaupika, simu inaupakua tu, na JavaScript, msimbo unaoendeshwa na simu yenyewe, imebaki kwenye kalenda.

Wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi kaniletea fremuweki mpya, macho yanamng'ara. Mfano wake ulikuwa orodha ya vitu vitano. Nimemwambia aweke vyumba 12 na siku 365, kisha tupande daladala tukaifungue kwenye simu ya bi mkubwa.